Homa siku ya 5, neutrofili (seli nyeupe za kinga) ziko chini, damu haioti kitu: tuanze dawa gani ya kuvu?

FamasiaWodini
Habari wakuu. Mtoto wa miaka 6, kilo 20, sm 115, leukemia ya limfoblasti (saratani ya damu) iliyorudi. Neutrofili hazijafika 500 kwa mikrolita kwa siku 12 sasa, homa haishuki licha ya antibiotiki za wigo mpana. Damu imeoteshwa maabara mara tatu kutafuta vimelea, hakuna kilichoota. Vinkristini (dawa ya saratani) imepangwa wiki ijayo. Dawa za kuvu zilizopo stoo ni kaspofungini, vorikonazoli, na amfoterisini B za aina mbili: ya kawaida na ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta). Wengine wanataka vorikonazoli kwa kuwa baadaye atahamia vidonge. Mnaonaje? Dozi na uchanganyaji pia, tafadhali.

OnkoWatoto
Vorikonazoli iwekeni kando. Inazuia ini lisivunje vinkristini, na mtoto anaweza kuishia na utumbo uliogoma, degedege au miguu iliyolegea. Isitoshe haigusi kuvu wa jamii ya mukor.

Saa 96 za homa zimeshapita, kwa hiyo anzeni leo. Kaspofungini au amfoterisini ya liposomu, zote zinafaa. CT ya kifua ifanyike bila kungoja kikohozi. Msitegemee ile duara ya ukungu kuzunguka kinundu cha mapafu kwenye picha. Kwa watoto wadogo mara nyingi haipo, kinundu chochote kipya kinatosha kutia shaka. Na damu kutoota kitu kusiwatulize: aspagilasi, kuvu anayeshambulia mapafu, haioti kwenye damu ila kwa nadra sana.

Pua ikiwa na kidonda cheusi, uso ukivimba au jicho likijitokeza, kaspofungini haitoshi. Hapo ni liposomu 5 mg/kg au zaidi, na daktari wa upasuaji aitwe siku hiyohiyo.

Mchanganyaji
Hesabu za kilo 20:

Kaspofungini huhesabiwa kwa eneo la mwili, si kwa kilo. Huyu ana takriban 0.8 m². Siku ya kwanza 70 mg/m², yaani 56 mg. Kuanzia siku ya pili 50 mg/m², yaani 40 mg. Maji ya chumvi 0.9% tu, isizidi 0.5 mg kwa ml, ipite kwa saa 1. Kwenye glukosi inaharibika.

Amfoterisini ni kinyume chake: glukosi 5% tu, chumvi inaifanya igande. Ya liposomu 3 mg/kg ni 60 mg. Kila kichupa cha 50 mg kiwekewe ml 12 za maji safi ya sindano, kitikiswe kwa nguvu sekunde 30, upate 4 mg kwa ml. Vuta ml 15, pitisha kwenye kichujio cha mikroni 5, ongeza ml 45 za glukosi, dripu ya saa 2. Safisha mrija kwa glukosi kabla na baada.

Ya kawaida ni 1 mg/kg: 20 mg ndani ya ml 200 za glukosi, saa 4 hadi 6. Kabla yake chumvi 0.9% ml 10 hadi 20 kwa kilo hupunguza madhara kwa figo, moyo ukiruhusu. Kreatinini (kipimo cha figo), potasiamu na magnesiamu vipimwe mara kwa mara; potasiamu haipandi kama magnesiamu iko chini.

Kosa linaloua ni kumpa ile 60 mg kutoka kichupa cha dawa ya kawaida. Moyo unaweza kusimama. Andikeni jina kamili la aina kwenye cheti, na vichupa visikae rafu moja.

FamasiaWodini
Ahsanteni. Tunaanza kaspofungini. Damu ikiota kandida (kuvu wa aina ya chachu) je, katheta ya mshipa mkuu, yaani mrija wa kupitishia dawa, ibaki?

MaabaraKuvu
Itolewe mapema iwezekanavyo. Kuvu hujenga utando ndani yake na dawa haziupenyi vizuri. Otesheni damu kila siku au siku mbili hadi iwe safi, kisha hesabu siku 14 kuanzia sampuli ya kwanza iliyo safi, si kuanzia dozi ya kwanza. Macho yachunguzwe, na yarudiwe neutrofili zikipanda, kwa sababu madoa ya retina huenda yasionekane kabla ya hapo. Pia tuulizeni spishi ya kandida kabla ya kumhamishia flukonazoli (dawa nyingine ya kuvu): krusei haisikii dawa hiyo kabisa, na auris mara nyingi haisikii.