Mjadala: Wapigania uhuru waliozikwa Kongwa, wachukuliwe wakazikwe kwao au wabaki?

Wakuu habari za muda huu, naomba hili tulijadili bila jazba. Septemba 2024 Afrika Kusini walirudisha mabaki ya wapigania uhuru wao 42 waliokuwa wamezikwa Zambia na Zimbabwe, wakapokelewa kwa heshima zote pale Freedom Park, Pretoria. Toka hapo nikikaa na watu wa Kongwa swali ni lilelile, na hawa wa kwetu je? Maana Kongwa hapa Dodoma wamelala, na Mazimbu kule Morogoro, ilikokuwa kambi ya ANC ya Afrika Kusini, wamelala. Kuna wanaosema waende wakapumzike kwao, kuna wanaosema wakiondoka sisi tutabaki na nini.

Kwa vijana ambao hamjui, Kongwa kuanzia 1964 ilikuwa kambi ya vyama vya ukombozi, kwenye eneo lililoachwa na ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa 1951. FRELIMO wa Msumbiji walikuwepo, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe, MPLA wa Angola, wote hapohapo Ugogoni kwenye vumbi letu. Samora Machel kapita hapo kabla hajawa rais wa Msumbiji, Chris Hani, mpiganaji wa ANC, kapita hapo akiwa kijana mdogo kabisa. Sasa kuna wenzao hawakupata bahati ya kuondoka.

Wanaotaka waende naelewa hoja yao na siibezi. Kuna mama huko Eastern Cape, Afrika Kusini, au Ovamboland, Namibia, kafa hajui mwanae kazikwa wapi, huwezi kumwambia ndugu yake eti tuachie sisi tuna makumbusho. Na mfano upo, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu Dar mwaka 1969 akazikwa Kinondoni, baadae Msumbiji wakamchukua, na heshima ya Tanzania kwenye ile historia haikupungua hata kidogo.

Ila kinachoniuma mimi ni kitu kimoja na ndo sababu nimeandika. Kila ikitajwa familia inatajwa ya kule. Wale vijana hawakukaa Kongwa wiki mbili, wengine walikaa miaka, wakajuana na watu, wakapata watoto na mabinti wa Kigogo. Hao watoto leo ni watu wazima wana wajukuu, wengine wanaishi hapohapo wilayani. Kama baba yako yupo kwenye lile kaburi, wewe sio familia? Nani atakuja kukuuliza kabla koleo halijagusa udongo? Kwa upande wangu mtu asifukuliwe mpaka damu yake ya Kongwa nayo ikae mezani, na wakikubaliana aende basi aende nao wakamsindikize, wapewe nafasi ya kuona baba analazwa wapi.

Alafu kwetu kaburi sio shimo tu jamani. Wagogo mvua ikikataa wazee wanaenda kutambika kwenye makaburi ya watemi wa zamani, kwahiyo kuhamisha mtu bila kusema nae ni jambo zito. Hata sheria yetu ya kuhamisha makaburi ya 1969 inalijua hilo, kwenye fidia imeweka gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya NA za tambiko. Wale waliotunga walikuwa wanajua wanatunga kwa ajili ya watu gani.

Jingine ni ulinzi wa eneo lenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kabla ya 1863, makaburi yakiwemo, vya baada ya hapo mpaka waziri atangaze. Kwahiyo Kongwa kwa umri wake tu haiingii. Hata Mpwapwa alikozikwa Dk Joseph Mullens, yule katibu wa London Missionary Society aliyefia njiani 1879 akienda bara, haingii. Dodoma ya sasa hivi viwanja vinapimwa kila kona, serikali imehamia, ardhi ina bei, na kaburi lisilo na tangazo halina mtetezi siku ya kupima. Ndo maana nasema hata wakichukuliwa wote, pale mahali pabaki pametangazwa, na jina la kila mmoja libaki limeandikwa kwenye jiwe, na karibu yake yaandikwe majina ya wenyeji waliowapikia na kuwaficha na kuwazalia watoto.

Kuna mtu ataniambia nachanganya siasa na maiti. Hapana mkuu, hawa walikufa kwa ajili ya siasa, walijua wanachofanya.

Watu wa Kongwa naomba mseme hapa, hasa nyie mliolelewa mkiambiwa baba yenu alikuwa wa kambini. Na wa Mazimbu, kwenu hili mmeshaanza kuulizwa au bado?