Kura saba au kura moja? Uchaguzi wa baraza la watazama ndege wa Nairobi

Kurumbiza
Habari zenu. Zimebaki wiki tatu tuchague baraza, na kabla kampeni hazijaanza naomba tumalize hili la kanuni. Kwa walioingia juzi: baraza lina viti saba. Ndilo linaloamua picha ya ndege adimu ikubaliwe au ikataliwe kwenye orodha yetu, nani atolewe kundini, na safari ya mwezi iende wapi. Kila mpiga kura anataja majina saba, na saba wenye kura nyingi wanaingia.

Mwaka jana wote saba walikuwa watu wa matembezi ya Karura. Sisemi waliiba. Ni hesabu. Tukiwa wapiga kura 160, na 85 wakakubaliana majina yaleyale saba, kila jina lao lina kura 85. Wengine hata waungane vipi hawazidi 75. Viti vyote vimekwenda.

Napendekeza kura moja inayohama, kama wanavyochagua wabunge Ireland na Malta. Unapanga majina kwa namba: 1, 2, 3. Kiwango cha kupita ni kura zote kugawanya kwa viti na kimoja zaidi, kisha unaongeza moja: 160 kwa 8 ni 20, ongeza moja, 21. Aliyevuka ameingia na ziada yake inahamia chaguo linalofuata. Wa mkiani anaondolewa na kura zake zinahama pia. Kwa hesabu hiyo wale 85 wanapata viti vinne na wale 75 vitatu. Nani ana pingamizi?

Tai Mzee
Mimi ni mmoja wa hao saba, kwa hiyo nitajibu. Baraza halijamdhulumu mtu. Hizo kura za kuhamahama atazihesabu nani? Ireland wenyewe huchukua siku kadhaa kuhesabu, na wamezoea miaka mia.

Shida yetu si viti, ni nani anapiga kura. Kanuni inasema ukiweka picha 12 kwa mwaka una kura. Sasa mtu anampiga picha marabu wa Nyayo Stadium mara 12 kutoka dirisha la matatu, na kura yake ni sawa na ya mtu aliyelala Kakamega kwenye mvua akimsubiri turako mkubwa. Hiyo ni haki?

Chiriku
Mzee, shikamoo. Dirisha la matatu limekukosea nini?

Mimi ndiye huyo. Napita Nyayo kila asubuhi nikienda kazini, na foleni ya pale unaijua. Nimefuatilia viota vya ile miti tangu vijiti vya kwanza. Namjua dume anayeiba vijiti vya jirani akiwa ameenda kutafuta vingine. Wewe uliyelala Kakamega ulipata picha ya mkia.

Tai Mzee
Marahaba. Sikukutaja kwa jina.

Chiriku
Ungenitaja ingekuwa afadhali.

Bundi wa South C
Marabu tumwache jamani, ni ndege mwenye mambo. Hujinyea miguuni makusudi apoze joto, ndiyo maana miguu ile myeusi huonekana kama imepakwa chokaa. Na hutaga kiangazi, wengine wakisubiri mvua.

Kwarara
Anakula takataka za Dandora. Tuseme ukweli, mtu haamki saa kumi alfajiri kwa ajili ya marabu.

Bundi wa South C
Na kwarara anakula nini, keki?

Kigogota
Turudi kwa Kurumbiza. Nina swali: mtu akiandika 1 na 2 tu, halafu hao wawili wakatolewa, kura yake inakwenda wapi? Na ile 21 inabaki 21 ama inashuka?

Kwarara
Mimi nakubaliana na Tai kuhusu sifa za mpiga kura. Tuweke kipimo cha ndege. Aliyeona spishi 200 na kuendelea ana kura. Kenya ina spishi zaidi ya 1,000, kwa hiyo 200 si nyingi.

Chiriku
Si nyingi kwa mwenye gari. Nikitaka 200 niende Baringo, niende Naivasha, niende Arabuko-Sokoke. Nauli utanitumia wewe? Semeni tu mnataka kura iende na lenzi ya milimita 600.

Mdiria
Mtu mmoja, kura moja, lenzi moja 😂

Tai Mzee
Mdiria, huo wimbo wa wanasiasa usiniletee hapa. Sikutaja pesa. Nimesema bidii.

Chiriku
Bidii yako ina mafuta ya gari, mzee wangu. Yangu ina miguu.

Hondohondo
Naomba nichome kidogo. Mnabishana kuhusu viti na spishi, na hakuna anayesema tulivyopiga kura mwaka jana. Majina yaliwekwa kundini, kila mtu akaweka kidole gumba chini ya anayemtaka, na wote tunaona. Mimi nilimpa kura mtu fulani kwa sababu ndiye anayepanga safari, na nilijua anaangalia. Ule ulikuwa mlolongo tu.

Tai Mzee
Hondohondo, hapo umenigusa pabaya. Mlolongo unaujua wewe? Mimi nilisimama mstarini 1988, kwenye mchujo wa KANU, chama pekee wakati huo. Unapanga mstari nyuma ya picha ya mgombea, chifu yuko pale, mwajiri wako yuko pale, jirani anakuangalia. Mstari mfupi unatangazwa mshindi na huna pa kulalamika. Kidole gumba na hayo wapi na wapi?

Mdiria
Si ndiyo ule ukipata asilimia 70 unapita moja kwa moja? Uliisha 1992 nafikiri.

Bundi wa South C
Mwaka 1990. Mkutano wa KANU pale Kasarani, Desemba, ndio ulioufuta pamoja na hiyo asilimia 70. Mwaka 1992 ni uchaguzi wa vyama vingi. Na ndiyo, aliyezidi asilimia 70 mlolongoni hakurudi kwa kura ya siri. Alikuwa mbunge tayari.

Hondohondo
Mzee, sikusema uchungu ni mmoja. Nimesema macho ni yaleyale. Wewe ulimwogopa chifu, mimi naogopa kuachwa kwenye gari la Jumapili. Na niliachwa mara mbili, kwa taarifa yako.

Kwarara
Uliachwa kwa sababu ulichelewa. Gari liliondoka saa kumi na mbili kamili.

Hondohondo
Nilikuwa pale saa kumi na mbili kasoro. Gari lilikuwa limejaa, na waliojaa ni haohao saba na marafiki zao. Kwa hiyo usiniambie mambo ya saa.

Mdiria
Ehe! Sasa tumefika.

Kurumbiza
Jamani, gari ni mjadala mwingine. Kigogota, nisamehe, nilipitwa. Asiyepanga majina ya kutosha, kura yake inawekwa kando pale majina yake yanapokwisha. Kiwango chetu tutaamua kama kinabaki ama kinashuka, lakini kiandikwe kabla ya kura, si baada. Na kuhesabu kura 160 kwa mkono ni kazi ya jioni moja, mtu asitutishe na siku za Ireland.

Kigogota
Asante. Basi mimi naunga mkono, tena kwa siri. Vyote viwili.

Tai Mzee
Siri nakubali, hata leo. Kwa hilo Hondohondo nampa mkono. Kuhama kwa kura bado. Na picha 12 hazitoshi, hilo sirudi nyuma.

Chiriku
Zikipanda ziwe ngapi?

Tai Mzee
Ziwe 12 za spishi tofauti.

Chiriku
Ninazo 31. Marabu ni mmoja tu humo, hukuzifungua.

Kanga (msimamizi)
Samahani kuwakatiza. Kifungu cha 9 kinasema utaratibu wa uchaguzi hubadilishwa na baraza, theluthi mbili ya viti. Yaani wajumbe watano kati ya saba. Wanakaa Alhamisi saa mbili usiku.

Kurumbiza
Saba haohao?

Kanga (msimamizi)
Haohao.

Hondohondo
Na wao watapiga kura kwa kidole gumba?

Kanga (msimamizi)
Kanuni haisemi. Tai amekubali siri, wengine sita sijawasikia. Kwarara, wewe ni mjumbe, unasemaje?

Kwarara
Nitasema Alhamisi.

Hondohondo
Sema hapa. Tunaangalia.