Sosi na achari kwa mgonjwa wa figo: kipi anaweza kula?

Binti Mkubwa:
Ndugu zangu, baba yangu ana ugonjwa sugu wa figo, hatua ya tatu. Daktari amemwagiza apunguze chumvi, nasi tumeipunguza jikoni, lakini sasa hali chakula mpaka apate sosi ya nyanya, achari au mchuzi wa soya. Tumemnunulia pia chumvi inayouzwa kama yenye sodiamu kidogo. Anaweza kutumia nini, na kwa kiasi gani?

Mlishi:
Pole kwa kuuguza, dada. Nianze na hiyo chumvi, kwani inanitia wasiwasi kuliko sosi zote ulizotaja. Chumvi nyingi za namna hiyo hupunguzwa sodiamu na kutiwa kloridi ya potasiamu badala yake; figo zilizodhoofu hushindwa kuitoa potasiamu ya ziada, nayo ikizidi katika damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa kwa anayemeza dawa za shinikizo la damu kama losartan au enalapril, ambazo huifanya ibaki mwilini. Iwekeni kando mpaka daktari atakapoona kiwango chake cha potasiamu.

Kuhusu sosi, mgonjwa wa figo kwa kawaida hushauriwa asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, yaani takriban gramu 5 za chumvi, pamoja na ile iliyomo tayari katika mkate na vyakula vya viwandani. Kijiko kikubwa kimoja cha mchuzi wa soya kina takriban miligramu 900 za sodiamu, karibu nusu ya hizo gramu 2. Cha sosi ya nyanya kina takriban 150. Mchuzi wa soya na achari iliyolowekwa katika chumvi ningeviacha kabisa. Sosi ya nyanya apimiwe kijiko kimoja, asiachiwe chupa.

Msoma Lebo:
Naongezea jambo moja: someni orodha ya viambato. Viungio vya viwandani huandikwa humo kwa namba za E: E508 ni ile kloridi ya potasiamu, na E338 hadi E341 pamoja na E450 hadi E452 ni asidi ya fosforasi na fosfeti; fosforasi nayo figo dhaifu hushindwa kuitoa, na hii ya viungio mwili huifyonza kwa wepesi kuliko fosforasi ya asili ya vyakula. Sosi za jibini ndizo za kutazamwa zaidi.

Binti Mkubwa:
Ahsanteni sana. Je, nikimpikia sosi ya nyanya mwenyewe bila chumvi?

Mlishi:
Sodiamu itapungua, lakini nyanya zinapochemshwa hadi kuwa nzito potasiamu yake hujikusanya katika kijiko kidogo, kwa hiyo kama kipimo cha potasiamu cha baba kiko juu, hiyo si njia salama. Mjaribishie siki, maji ya ndimu kidogo, kitunguu saumu, tangawizi, bizari au pilipili manga. Viungo vya unga vilivyochanganywa kiwandani vikagueni kwanza, maana vingi huwa vimetiwa chumvi, na vile vidonge vya supu huwa na chumvi nyingi sana.