Columbus, Ohio: msaada wa malipo ya awali ya nyumba ni zawadi au deni?

MamaZuhura
Habari zenu ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunapanga hapa Columbus na kodi inapanda kila tukitia saini mkataba mpya. Tumepata nyumba ya dola 210,000. Kila ninayemuuliza anasema lazima niwe na asilimia 20 mkononi, yaani dola 42,000. Kazini nikasikia jimbo linasaidia malipo ya awali. Msaada huo ukoje? Akiba yetu nyingi iko kwenye upatu wa kina mama.

MzeeWaLindi
Dada, hiyo 20 si sharti. Mkopo wa FHA, yaani mkopo wa benki unaodhaminiwa na serikali kuu, unaanzia asilimia 3.5 ukiwa na alama za mkopo (credit score, zinazoonyesha unavyolipa madeni yako) 580 kwenda juu. Kwa nyumba hiyo ni dola 7,350. Ila utalipa bima ya mkopo, inayomlinda mkopeshaji usipolipa, kila mwezi.

Msaada ninaoufahamu ni wa OHFA, mamlaka ya fedha za nyumba ya Ohio. Unachagua asilimia 2.5 au 5 ya bei. Ukichukua 5 unapata dola 10,500: zinamaliza ile 7,350, na 3,150 zinazobaki unapunguzia gharama za kukamilisha ununuzi. Lakini wao alama zao ziko juu, kwa FHA wanataka 650.

Ni deni linalofutwa. Ukikaa miaka 7, limekwisha. Ukiuza mwaka wa 6, au ukabadilisha mkopo kufuata riba nafuu, unarudisha zote. Na riba ya mkopo wenyewe wa nyumba inakuwa juu kidogo ukichukua msaada. Mwambie afisa mikopo akuandikie malipo ya mwezi bila msaada, kwa 2.5 na kwa 5, uyalinganishe mezani na mumeo. Kama mnawaza kuhamia jimbo lingine, mimi nawasihi msiuguse.

Njeri_Ohio
Mama Zuhura, kuhusu upatu, sikiliza sana. Pesa nyingi zikiingia benki ghafla, mkopeshaji atauliza zimetoka wapi. FHA inakubali pesa za chama, lakini wataitisha daftari la michango, risiti, na uthibitisho wa mweka hazina kwamba kikundi bado kinaendelea. Maneno ya mdomo hayatoshi.

MamaZuhura
Asanteni sana. Kuhama hatuhami, watoto wameshazoea shule. Daftari lipo, risiti ndiyo hatujawahi kuandikiana. Tunakutana Jumapili, nitalisema mbele ya wote.