MJADALA: Wazee wa baraza walikuwa na haki ya kuficha kifo cha Shingen?

Wakuu, nimerudia kuangalia filamu ya Kagemusha ya Akira Kurosawa, iliyogawana tuzo kuu ya Cannes mwaka 1980. Kwa ambao hamjaiona: Takeda Shingen, mtawala wa kivita wa Japani, anafariki 1573 akiwa ameusia kifo chake kifichwe miaka mitatu. Wakubwa wa ukoo wanamchukua mwizi aliyehukumiwa kusulubiwa, maana wamefanana kama shilingi kwa ya pili, wanamkalisha kwenye kiti. Wanaojua siri ni wachache wa ndani.

Mimi nasema walikosea. Kumdanganya Oda Nobunaga sawa, huyo ni adui. Lakini angalieni ile vita ya usiku: mwizi amekaa mlimani, kaambiwa asitikisike, risasi zinalia, vijana wanaanguka mbele yake wakimkinga. Na kule chini askari wanajituma wakiamini bwana wao anawatazama. Mtu anayetoa uhai wake ana haki ya kujua anamtolea nani.

Mchangiaji 1: Mkuu, hapana. Nobunaga huku, adui mwingine Tokugawa Ieyasu kule. Siri ingevuja mapema wangevamiwa, na wa kwanza kuumia ni wakulima. Kilichomaliza ukoo ni Katsuyori, mtoto wa marehemu, kupuuza usia wa kutotoka kwenye himaya yao. Mwaka 1575 akawapeleka watu kwenye vita vya Nagashino, kwenye midomo ya bunduki. Wakati huo uongo ulishaisha!

Mchangiaji 2: Na mwizi je? Farasi wa Shingen kamwangusha, masuria wakaona hana kovu la bwana wao, basi, kafukuzwa mvuani kwa mawe. Yule mjukuu aliyemzoea kama babu yake hakuruhusiwa hata kumuaga. Hilo ndilo lililoniuma.

Mleta mada: Mchangiaji 1, hoja ya wakulima ni nzito, naipokea. Ila huyo Katsuyori nani alimchochea? Muda wote ule anamwona mwizi kwenye kiti cha baba yake, na mbele ya watu lazima amheshimu. Anamtega barazani amuulize vita au subira, mwizi anajibu kwamba mlima hautikisiki, na baraza zima linainama! Kijana kadhalilishwa hadharani na hana pa kusemea. Baraza lingeutangaza msiba na kumsimika wazi, angekuwa na haja gani ya kukimbilia Nagashino kujithibitisha?