Tairi la lami la pikipiki kwa bei nafuu: tupeane uzoefu

Boksa wa Kongowe

Wakuu, habari za kazi. Naomba tukae kidogo kwenye suala la matairi, hasa sisi tunaotembea lami kutwa na pesa yenyewe ni ya kuhesabu. Tusiishie kutajiana bei. Mtu aseme alinunua nini, alitembea nalo wapi, na lilimfikisha wapi.

Naanza mimi. Naendesha Boxer 150, njia yangu ni Barabara ya Kilwa hapa Dar es Salaam, Kongowe hadi Rangi Tatu, na asubuhi nina wateja wa Kariakoo. Saizi ya tairi mbele ni 2.75-17, nyuma 3.00-17. Machi 2024 tairi la nyuma liliisha, nikaingia duka la spea na elfu 35 mfukoni, nikauliza la chini kabisa. Nikapewa la elfu 32, jeusi, linang'aa, muuzaji ananiambia hilo ndilo wanalochukua wote pale.

Mimi nina daftari, kila kitu naandika humo: mafuta, oili, pancha, hata faini. Siku ya kulifunga nikaandika na kilomita. Wiki ya 11 katikati pamebaki kipara, nikilipitishia kiganja ni laini kama ndoo ya plastiki. Lilikuwa limetembea kilomita 6,800. Pancha tisa.

Likafuata la elfu 58, la kutoka India, elfu 20 nikakopa kijiweni. Hilo lilinipeleka kilomita 17,900, pancha tatu. Usiku mmoja nikakaa na daftari nikagawanya: la elfu 32 lilinila shilingi 4 na senti 70 kwa kila kilomita, la elfu 58 shilingi 3 na senti 24. Yaani nililiita la bei rahisi lile lililokuwa ghali.

Sasa na hilo limeisha, la mbele nalo limechoka, masika ndiyo hayo yanakuja. Nina laki moja. Mwenye uzoefu atie neno.

Uyole Moja

Mkuu, hesabu yako nimeielewa na kwa nyuma nakubaliana nayo. Kwa mbele usiitumie, nakuomba sana.

Mimi niko Mbeya. Nilifikiri kama wewe, tairi zuri ni lile lisiloisha. Nikapata moja, mbele na nyuma nikafunga ya aina hiyo hiyo. Kweli hayakuisha. Mwaka wa pili meno bado yanaonekana, nikawa nawaambia wenzangu kijiweni wanunue. Lakini ukilibonyeza kwa ukucha haliachi alama, gumu kama mbao.

Mwezi wa kwanza, jioni, mvua ndogo ndiyo imeanza, ile inayolowesha vumbi na mafuta ya magari bila kuyaosha. Nimebeba mama na mtoto wa kama miaka mitano kati yetu. Nateremka, mwendo wa 40 hivi, daladala mbele yangu ikasimama ghafla. Nikakamata breki ya mbele, si kwa nguvu, kama siku zote. Usukani ukawa mwepesi mkononi, hivyo tu, kama vile hakuna kitu chini. Tukalala chini, pikipiki ikateleza mbele hadi chini ya bampa. Mama alivunjika mkono. Mtoto hakuumia, aliangukia juu yangu. Nilimhudumia yule mama hadi plasta ikatolewa, na hadi leo nikipita kwake namsalimia, lakini kile kilio cha mtoto sijakisahau.

Fundi aliyenitengenezea ndiye aliyenifungua macho. Tairi likiwa gumu linakaa muda mrefu, na kwa sababu hiyo hiyo halishiki lami iliyolowa. Tairi laini linashika, ila linaisha mapema. Huwezi kupata vyote kwa bei yetu, kwa hiyo gawanya. Nyuma ndiko kunakosukuma, ndiko kunakolika, funga gumu lenye kubeba. Mbele hakuliki sana. Ukikamata breki uzito wote unakimbilia mbele, na tairi la mbele ndilo linaloamua kama utasimama au utalala. Weka pesa yako huko, uchukue laini zuri. Hata likiwa laini, la mbele litaona matairi mawili ya nyuma yakiisha.

Fundi Pancha Dom

Uyole Moja pole sana kaka, na umesema kweli tupu. Mimi ni fundi pancha hapa Dodoma, mwaka wa 12 sasa. Nitawaeleza ninachokiona kwenye matairi yenyewe, maana wengi mnanunua jina au rangi.

Kwanza, umri. Pembeni mwa tairi kuna kialama chenye namba nne za mwisho zilizokaa peke yake. Mbili za mbele ni wiki, mbili za nyuma ni mwaka. Ukiona 1118, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2018. Linaweza kuwa halijawahi kugusa barabara na bado likawa limezeeka dukani, hasa yale yanayoning'inizwa nje juani ili wateja wayaone. Mwaka juzi kijana aliniletea jipya kabisa la bei ya kutupa, bado lina vinyweleo vya mpira. Nilipolikunja kwa mikono miwili, chini ya meno kukafunguka vimipasuko vyembamba kama nywele, mstari mzima. Juu lilikuwa limepakwa mafuta ya kung'arisha, yalibaki kwenye vidole vyangu. Nikamwambia rudisha. Muuzaji alikataa, akalifunga hivyo hivyo. Baada ya mwezi mmoja na nusu lilivimba ubavuni kama limemeza yai.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa likunje, tazama ndani ya mifereji, harufu na mng'ao visikudanganye.

Pili, mzigo. Kwenye saizi kuna namba na herufi, mfano 3.00-17 50P. Hiyo 50 maana yake tairi hilo moja linabeba kilo 190, na P ni mwendo usiozidi 150 kwa saa. Herufi isikusumbue, hata J ya kilomita 100 inatosha kwa kazi yetu. Namba ya mzigo ndiyo ya kushika. PR ni kipimo cha uimara wa nyuzi za ndani ya tairi: ukiona 6PR ni gumu zaidi ubavuni kuliko 4PR, na kwa anayebeba abiria wawili na gunia (najua mnabeba) chukua 6PR nyuma bila kujadili.

Tatu, tyubu. Hapa ndipo mnaponiumiza roho. Mtu ananunua tairi la elfu 60 anarudishia tyubu ya zamani yenye viraka saba. Tyubu ikikaa muda inatanuka, ukiiweka ndani ya tairi jipya inajikunja, na pale kwenye kunjo ndipo inapotoboka. Tena haitobolewi na msumari, inajitoboa yenyewe. Na ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku ndani ya rimu, ukikatika badilisha, ni pesa ndogo sana. Pancha nyingi mnazowalaumu watu wa misumari zinatoka kwenye spoku zenu wenyewe.

Boksa wa Kongowe

Fundi, zile pancha tisa zangu! Tyubu ilikuwa ya zamani. Sikuwahi kuunganisha hayo mawili.

Fundi Pancha Dom

Basi ndiyo hiyo. Na upepo je, unapima?

Boksa wa Kongowe

Nabonyeza na kidole gumba.

Fundi Pancha Dom

Kidole hakijui tofauti ya PSI 20 na 30 za upepo, mkuu. Nimewajaribu mafundi wenzangu, hata sisi tunakosea. Kwa Boxer weka 25 mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukibeba. Pima asubuhi kabla hujatembea, tairi likiwa la baridi. Ukitembea na upepo mdogo tairi linalika kingo zote mbili na linachemka. Ukijaza kama jiwe linalika katikati peke yake. Lile lako la elfu 32 liliisha katikati, sehemu ya lawama inaweza kuwa ya upepo.

Nduthi ya Pwani

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko Mombasa, hapa sisi twaita nduthi, lakini shida ni ile ile.

Nataka kusema habari ya tairi za kuchongwa. Kuna watu wanachukua tairi iliyokuwa kipara, wanapasha wembe moto wanachonga mifereji upya, wanaipaka rangi nyeusi. Ukiiona kwa mbali waona kama mpya. Nilinunua moja nikiwa na haraka, jioni, taa hafifu, bei ilikuwa chini ya nusu ya ile ya duka. Siku ya tatu nikahisi nyuma yacheza, kama rimu imepinda. Nikasimama kando ya barabara nikaizungusha gurudumu kwa mkono polepole. Ndani ya ule mfereji waliouchonga nikaona nyuzi, nyeupe, zimeanza kukatika moja moja kama kamba ya mashua iliyooza. Walichonga mpaka kwenye nyuzi zenyewe! Kilichobaki kati yangu na tyubu hakikuzidi unene wa sarafu.

Ishara nyepesi: tairi ya kiwandani, mifereji yote chini iko laini na kina kimoja. Ya kuchongwa utaona michirizi ya wembe, hapa ndani zaidi, pale juu juu. Na ndani ya mifereji ya kiwandani mna vile vinundu vidogo vya kuonyesha kikomo, ambavyo pembeni vimeelekezwa kwa TWI au pembetatu. Vikilingana na meno tairi imekwisha. Ya kuchongwa haina, vilishakatwa.

Mtumba safi ambao haujachongwa sisemi neno, lakini mimi sirudi huko.

Mwalimu wa Njombe

Naomba na mimi nichangie, ni mwanamke ninayeendesha pikipiki yangu mwenyewe, si ya biashara. Nilipopata uhamisho nikawa natembea lami Njombe na Makambako, kilomita kama 60 kwenda, mwisho wa wiki. Dukani walinishauri tairi za kashata kubwa, zile za matope, kwamba "dada hizi ndizo imara". Zilikuwa zinanguruma barabarani hadi kichwa kinauma, kona napata wasiwasi kwa sababu pikipiki inajikalia juu ya vile vijinundu, na nyuma vikaisha ndani ya miezi mitatu. Kashata ni za shamba. Lami inataka uso mpana unaogusa chini, na mifereji ya kutolea maji.

Sasa nyuma natumia zile za kati, mifereji mipana kidogo, kwa sababu kilomita 4 za mwisho kwangu ni udongo mwekundu. Mbele la lami kabisa. Limenifaa.

Bosi Mdogo Mwanza

Nina pikipiki tatu mtaani, nataka kusema upande ambao madereva hawapendi na mabosi hawapendi.

Tairi bovu mara nyingi linatokana na mkataba. Kijana anakuletea hesabu, yaani pesa ya bosi, kila siku, matengenezo madogo ni yake, na tairi limehesabiwa kama matengenezo madogo. Akibakiza miezi miwili pikipiki iwe yake atanunua zuri. Akiwa na miezi kumi mbele yake, au kwenye hesabu isiyo na mkataba, kwa nini aweke elfu 60 kwenye mali ya mtu? Ananunua la elfu 30, na simlaumu, nyumbani kuna watoto.

Mwaka jana kijana wangu mmoja alianguka kwa tairi la namna hiyo. Nilipokwenda kumwona alikuwa ananiomba radhi mimi kwa sababu taa imevunjika. Amelala na bandeji, anazungumzia taa. Iliniuma. Tangu siku hiyo matairi na breki nanunua mimi, yeye anabaki na mafuta, oili na pancha. Hesabu sikuongeza. Kwa pikipiki tatu nimetoa kama laki tatu na nusu kwa mwaka mzima, na siku ambazo pikipiki imelala gereji zimepungua sana. Mabosi wenzangu mliomo humu, jaribuni.

Uyole Moja

Bosi, Mungu akubariki. Huku kwetu sijamwona wa hivyo.

Nimekumbuka jambo moja zaidi kwa mwenye uzi. Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani juu yake. Kilomita mia moja za kwanza nenda taratibu, usilale kona, usibane breki, na kama mvua inanyesha siku hiyo subiri. Na mshale ubavuni ufuate gurudumu linavyozunguka likienda mbele. Nimewaona waliogeuza, maji yanaingia badala ya kutoka.

Boksa wa Kongowe

Nimerudi wakuu, leo nimefunga.

Nilizunguka maduka manne Kariakoo. Duka la kwanza nilipoomba kulikunja tairi muuzaji aliniuliza kama nanunua au nakagua, nikaondoka. La tatu mama mmoja aliniletea matano mezani, akanipa na tochi ya simu yake. La mbele nimechukua laini, 2.75-17, namba zake ni 3424, elfu 52. La nyuma 3.00-17, 6PR, 50P, namba 2924, elfu 56. Tyubu mbili mpya na tepe za rimu, elfu 17. Jumla laki na elfu 25, ile ya juu nimekopa tena kijiweni, safari hii sikuona aibu. Kipimo cha upepo bado, nitanunua wiki ijayo, kwa sasa fundi wa hapa Kongowe anacho.

Fundi alipovua tyubu ya zamani nilimwambia aniwekee kando niitazame. Ilikuwa na kunjo mbili, na kwenye moja kuna kiraka juu ya kiraka.

Kwenye daftari nimeandika: 48,212, mbele na nyuma. Nyuma likiisha nitaleta namba hapa.