Kutoka Kampala kwenda kazini Walvis Bay: nijiandae vipi?

Kijana_wa_Nakawa
Ndugu zangu, nimepata mkataba wa mwaka mmoja bandarini Walvis Bay, Namibia. Mji uko jangwani, ukingoni mwa bahari. Nibebe nini, gari la mtumba nitakalonunua kule nilitunzeje, na siku za mapumziko kuna nini cha kuona? Viza nimeshamaliza.

Fundi_Katwe
Ssebo, sahau joto la jangwa. Pale adui ni baridi na chumvi. Mkondo wa Benguela unaleta maji baridi kutoka kusini, hewa inayopita juu yake inapoa, na ukungu unatanda usiku hadi asubuhi imekwenda. Mvua hainyeshi: kwa mwaka haifiki milimita 20, wakati Kampala hupata zaidi ya 1,200. Nunua jaketi nzito soko la Owino kabla hujapanda ndege.

Gari: ukungu ule una chumvi, na unaingia hata pale mvua isipofika. Kutu huanzia chini, kwenye mikunjo ya bodi, mabomba ya breki na nati za magurudumu. Kabla ya kulipa, liinue ulichungulie chasi. Rangi mpya chini ya gari ni ya kutilia shaka. Ukishanunua, lioshe uvunguni kwa maji baridi ya bomba kila wiki, kisha paka grisi taminali za betri na plagi za nyaya za taa. Likilala siku kadhaa, diski za breki zitashika kutu juu juu. Hiyo hutoka ukikanyaga breki mara chache.

Miezi ya Mei hadi Agosti kuna upepo wa mashariki kutoka bara, wa moto na wenye mchanga. Unakwangua rangi na kufifisha kioo cha mbele na taa. Ukivuma, usisafiri. Liegeshe nyuma ya ukuta, na baadaye fungua chujio la hewa ulikague.

Hajati_Jinja
Mwanangu, kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, wanaotoka Uganda huulizwa. Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Soketi ni za pini tatu nene za mviringo kama Afrika Kusini, kwa hiyo plagi zetu bapa hazitaingia bila adapta. Randi ya Afrika Kusini inapokelewa sawa na dola ya Namibia, moja kwa moja.

Siku nyingine utasikia harufu ya mayai yaliyooza mji mzima. Usikimbilie mtungi wa gesi jikoni. Ni gesi ya salfa inayotoka kwenye tope la sakafu ya bahari, ambako viumbe vidogo vimeoza. Maji hugeuka rangi na samaki hufa kwa kukosa oksijeni.

Kijana_wa_Nakawa
Asante sana, Hajati. Na chakula?

Hajati_Jinja
Posho, yaani ugali wa mahindi, utapata, wao huiita pap, na kuna ugali wa uwele uitwao oshifima. Samaki ni wa baharini. Matooke usiyategemee.

Dereva_Malaba
Za kuona ziko nyingi. Anza na wangwa wa kusini mwa mji, wenye heroe na mashamba ya chumvi. Hauhitaji gari la maana. Kuna kanisa dogo la mbao la mwaka 1880, lililotengenezwa Ujerumani na kuletwa kwa vipande. Gati la makontena utakalofanyia kazi pengine ni lile lililojengwa juu ya ardhi iliyojazwa baharini, likafunguliwa 2019. Mji wenyewe ulibaki chini ya Afrika Kusini hadi 1994, miaka minne baada ya uhuru wa Namibia, kwa sababu ya bandari hiyo.

Dune 7 ni kilima cha mchanga nje kidogo ya mji. Panda kwa kufuata ukingo wake, usikabili uso wake, na uende asubuhi. Mchana mchanga unaunguza nyayo.

Sandwich Harbour, eneo la pwani kusini mwa mji, ni habari nyingine. Njia inabanwa kati ya vilima na bahari, na maji yakijaa inapotea. Nenda na dereva mwenyeji mwenye kibali na ratiba ya kupwa na kujaa. Ukiendesha mwenyewe mchangani, shusha upepo wa tairi hadi psi 15 hivi, usikate kona kwa ghafla tairi likatoka kwenye rimu, na beba pampu: ukirudi na psi 15 kwenye lami, tairi litachemka na kupasuka.